Shajara ya bwawa la mchanga, Kinyerezi

Januari 14

Nimekipima kiwanja kwa utepe: mita 20 kwa 45, kati ya mwisho wa mtaro na kalavati la barabara. Ndicho kipande pekee kilichobaki wazi upande huu, na kimebaki kwa sababu kila masika kinajaa maji, hivyo hakuna aliyethubutu kumwaga msingi. Mtaro unaokifikia unakusanya maji ya hekta 42 za makazi na njia za udongo, kisha unayamwaga kwenye kijito kinachoingia Mto Msimbazi.

Swali la mradi ni hili: tukichimba bwawa hapa, litanasa nini, na litaacha nini kipite?

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita huku kwetu, unashuka Tabata, Vingunguti na Kigogo, unatandaa Jangwani na kuingia baharini pale Daraja la Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na tangu hapo kila anayezungumzia mto huu huanza na Jangwani. Mimi naanzia juu. Mchanga unaopunguza kina cha mto kule chini umetoka kwenye miteremko ya huku, kwenye njia zilizochongwa bila mtaro na viwanja vilivyokwanguliwa majani. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na kazi kubwa iko chini. Huku juu tunahitaji mabwawa madogo mengi, kila moja limehesabiwa vizuri.

Januari 22

Hesabu ya kwanza, ile ya mkono. Kwa mvua ya kawaida ya milimita 30 kwa saa, nikichukulia kwamba asilimia 55 ya maji inatiririka, mtaro unaleta mita za ujazo 1.9 kwa sekunde. Kwa mvua kali ya milimita 90 kwa saa ni 5.8.

Nikagawanya mtiririko mdogo kwa eneo la kiwanja, mita za mraba 900, nikapata milimita 2.1 kwa sekunde. Namba hiyo ndiyo moyo wa bwawa zima. Allen Hazen, mhandisi wa Marekani, alionyesha mwaka 1904 kwamba chembe inayozama kwa kasi kuliko hiyo itafika chini kabla maji hayajatoka, na kwamba kinachoamua ni eneo la uso wa bwawa, kina hakiingii kwenye hesabu. Mara ya kwanza kuisoma sikuamini. Wengi tunadhani bwawa zuri ni shimo refu. Lakini ukiongeza kina, maji yanakaa muda mrefu zaidi na chembe nayo ina safari ndefu zaidi ya kushuka. Vitu viwili hivyo vinafutana.

Januari 30

Hazen alifikiria bwawa tulivu lisilo na vurugu. Bwawa la kweli lina njia za mkato: maji yanaingia kona moja, yanakimbia moja kwa moja hadi kwenye tundu la kutokea, na pembeni kunabaki maji yaliyolala yasiyofanya kazi yoyote. Kwa hiyo nimetumia kanuni ya wahandisi Fair na Geyer, ambayo ina namba moja ya kueleza umbo la bwawa. Bwawa lenye njia za mkato linapewa karibu 1.1. Bwawa refu lenye kuta za kuyazungusha maji linaweza kufika 4.

Matokeo ya leo, kwa mtiririko wa 1.9 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita):

Mchanga wa maikromita 125 unanaswa asilimia 85 kwenye bwawa baya na 96 kwenye bwawa zuri. Mchanga mwembamba wa maikromita 62, asilimia 53 na 61. Tope la maikromita 16, asilimia 8 kwenye bwawa baya, na 8 hiyohiyo kwenye bwawa zuri.

Nimeirudia hesabu ya mwisho mara tatu nikidhani nimekosea. Sijakosea. Umbo linasaidia chembe nzito, zile ambazo hata bila msaada zinaelekea kuzama. Kwa chembe nyepesi, maji ya mvua yanapita kiwanjani haraka mno hata ukijenga kuta za kila namna. Hapa dawa ni eneo, na eneo ndicho kitu ambacho hatuna.

Februari 9

Nimegundua kosa, na ni langu. Kasi za kuzama nilizitoa kwenye jedwali la mwongozo wa Australia. Jana usiku nikajaribu kuzipata mwenyewe kwa kanuni ya Stokes ya mwaka 1851, inayohesabu kasi ya chembe ndogo kuzama, zikagoma kufanana. Zilikubali tu nilipoweka joto la maji nyuzi 10.

Nyuzi 10! Maji ya mtaro wetu yana nyuzi 28. Maji ya baridi yana mnato mkubwa zaidi, yaani yanaikawiza chembe inayoshuka. Ukitoka nyuzi 10 hadi 28, mnato unashuka kutoka 1.31 hadi 0.83, na chembe ndogo inazama mara 1.57 haraka zaidi. Tope langu la maikromita 16 limepanda kutoka asilimia 8 hadi 12. Faida si kubwa, lakini ni yetu, joto la pwani limetupa bure, na nilikuwa nimeiacha kwa kunakili jedwali la watu wenye hali nyingine ya hewa. Tangu leo kila kasi kwenye modeli inahesabiwa kutoka kwenye joto nililopima mwenyewe. Kwa mchanga mnene kanuni ya Stokes haifai, kwa sababu chembe kubwa zinajitengenezea msukosuko zinaposhuka, kwa hiyo huko nimeacha thamani za jedwali. Makosa yake yanaegemea upande wa usalama.

Februari 20

Nimeshinda kalavatini na vijana wanaochimba mchanga. Wapo wanne hadi saba kutegemea siku, wana sepeto na toroli moja. Mchanga unaojaza kalavati wanauchekecha na kuwauzia mafundi wa tofali. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza bwawa ni nini. Wamenisikiliza dakika mbili tu, kisha mmoja akauliza:

"Sawa dada injinia. Sasa huo mchanga ukinaswa humo, utakuwa wa nani?"

Nilikosa jibu. Nimeandika swali lake juu ya ukurasa wa modeli kwa kalamu nyekundu.

Bibi mmoja anayeuza mboga ng'ambo ya barabara alinisubiri niondoke. Nilipompa shikamoo aliitikia, akanishika mkono. "Mwanangu, hawa ndio wanaolifungua hilo kalavati. Wasingekuwepo, maji yangeshaingia ndani kwangu."

Machi 8

Kipimamvua kimefungwa juu ya paa la shule iliyo katikati ya eneo. Ni cha kikombe kinachopinduka kila milimita 0.2, nacho kinaandika saa na dakika. Takwimu za mvua za siku nzima hazinitoshi: milimita 40 zilizonyesha taratibu kutwa hazibebi mchanga kama milimita 40 za nusu saa.

Kwenye mtaro tumesimamisha mti wenye chupa tisa za lita moja na nusu, zimefungwa kwa kupandana, kila moja na mrija wake. Maji yakipanda yanajaza ya chini kwanza, kisha inayofuata, hadi ya juu. Usiku wa mvua silazimiki kusimama mtaroni na ndoo gizani.

Machi 13

Mvua ya kwanza. Chupa sita kati ya tisa zimejaa. Nimezipanga barazani.

Mchanga ulikaa chini kabla sijamaliza kuandika lebo. Baada ya saa moja kila chupa ilikuwa na tabaka la kahawia chini, na juu maji meupe kama maji ya kuoshea mchele.

Machi 17

Siku ya nne, maji bado meupe. Kina cha chupa ni sentimita 30. Kwa joto la barazani, chembe ya maikromita 1 ingetumia siku tatu na kidogo kufika chini. Basi kilichobaki ni kidogo kuliko hapo.

Ilinichukua muda kuunganisha, ingawa jibu liko nyuma ya nyumba zetu. Vilima vya Pugu ni vya mawe ya mchanga yaliyojaa kaolini, ule udongo mweupe wa vyombo vya kauri. Kila korongo linalofunguka linausafirisha. Kiasi kikubwa cha kaolini kina chembe zisizofika maikromita 2. Kwenye bwawa la kina cha mita 1.2, chembe ya maikromita 2 inahitaji siku tatu na kidogo za utulivu kamili, na ya maikromita 1 inahitaji karibu siku 13. Bwawa langu, kwa mvua ya kawaida, linabadilisha maji yake yote chini ya dakika kumi.

Nikajaribu jambo jingine. Chupa moja nimeitia kijiko cha chumvi ya mawe, nikaitikisa, nikaiacha karibu na zile nyingine.

Machi 18

Chupa ya chumvi imekuwa angavu, na chini kuna tabaka laini kama maziwa mgando. Nyingine ziko vilevile. Chembe za udongo husukumana kwa umeme wake. Chumvi inaupunguza msukumano huo, zinashikana na kuwa mabonge mazito. Ina maana udongo mweupe wa Pugu unasafiri mto mzima bila kutua, kisha unakutana na maji ya bahari kule Salenda na kuanguka hapohapo, kwenye mikoko. Siku zote nikipita darajani maji yakiwa yamekupwa nilikuwa naliona lile tope. Leo najua sehemu yake imetoka wapi.

Machi 26

Nimekausha na kupima mashapo ya chupa zote. Wastani ni gramu 3 kwa lita, na karibu nusu ya uzito imebaki kwenye chekeche la maikromita 63, yaani ni mchanga.

Kwa mvua ya mwaka ya milimita 1,100, nikikubali kwamba asilimia 40 ndiyo inayofika mtaroni (mvua ndogo hunyonywa na ardhi), ni tani 554 za mashapo kwa mwaka. Nusu ni mchanga, na tukinasa asilimia 90 yake tunapata tani 249, sawa na mita za ujazo 166. Ni safari 36 za lori la tani 7.

Kwa hiyo nimeligawa bwawa. Mita tisa za mwanzo zitakuwa kijibwawa cha mbele, chenye sakafu ya zege ili sepeto lisichimbe zaidi ya mchanga, na njia ya mteremko ya kushukia toroli. Kinabeba mita za ujazo 180. Mchanga mzito utaanguka humo, mahali panapofikika, usitawanyike bwawa zima.

Aprili 2

Wiki nzima na SWMM, programu ya bure ya Shirika la Mazingira la Marekani, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1971. Naipenda kwa sababu mwanafunzi yeyote wa vyuo vikuu vya Ardhi au Mlimani anaweza kuipakua na kukagua kazi yangu bila kulipa shilingi.

Ina jambo moja la kuwa nalo macho. Bwawa ndani ya SWMM linahesabiwa kana kwamba maji yake yanakorogwa muda wote kama uji: kinachoingia kinachanganyika papo hapo na vyote vilivyomo. Bwawa refu haliko hivyo. Nililikata vipande vinne vinavyopokezana, na mara maji yakaanza kupanda na kushuka kwenye grafu hata mvua ilipokoma. Hesabu ya maji yaliyoingia na yaliyotoka ilipishana kwa asilimia 11. Nilishusha hatua ya muda kutoka sekunde 30 hadi 2, nikapanua vizingiti kati ya vipande, na tofauti ikashuka chini ya asilimia 1. Kompyuta inachukua muda mrefu sasa. Heri nusu shari.

Aprili 7

Jana usiku zimenyesha milimita 38 ndani ya saa moja na nusu. Asubuhi nimekwenda kalavatini na fimbo yenye alama. Kabla ya mvua vijana walikuwa wamelisafisha hadi zege. Leo kuna sentimita 35 za mchanga, kwa upana wa mita 2 na urefu wa mita 12. Hizo ni mita za ujazo 8.4.

Modeli yangu inasema mvua ile ilileta mchanga wote jumla wa mita za ujazo 7.2.

Kalavati limenasa mchanga mwingi kuliko ambao modeli inakubali kwamba ulikuwepo. Tena kalavati halinasi kila kitu, mwingine umepita.

Aprili 8

Nimelala na hilo na kuamka nalo. Jibu liko kwenye mti wangu wa chupa. Mrija wa chini kabisa uko sentimita 15 juu ya sakafu ya mtaro. Chupa zinakusanya kinachoelea ndani ya maji tu. Mchanga unaojiviringisha sakafuni, unaoruka hatua fupi fupi, haujawahi kuingia kwenye chupa hata moja. Nimekuwa nikipima nusu ya mzigo na kuiita yote.

Nilivyowaeleza vijana, yule aliyeuliza swali la Februari aliingia mtaroni, akaweka mguu wake katikati ya maji yaliyobaki. Mchanga ukajaa juu ya kisigino mbele ya macho yangu. "Huu ndio tunaouchukua sisi," alisema. "Ule wa kwenye maji hauna kazi, ni vumbi." Wao wamekuwa wakilijua hilo kwa miguu yao.

Hadi nitakapokuwa na kipimo bora nimeuzidisha mchanga mara mbili. Mita za ujazo 332 kwa mwaka, safari za lori zaidi ya 70. Kijibwawa cha mbele kitajaa kwa miezi sita hivi, na masika mazito yatakijaza mapema zaidi.

Aprili 21

Nimejiuliza kitatokea nini kikiachwa bila kuzolewa. Hazen alisema kina hakiamui, lakini hakuruhusu kujaza bwawa mchanga. Bwawa likiwa na mita 1.2 za maji, mtiririko wa 1.9 unapita kwa mita 0.08 kwa sekunde, taratibu kabisa. Zikibaki sentimita 30 juu ya mashapo, kasi inafika mita 0.32, na mchanga mwembamba unaanza kunyanyuka kwenye mita 0.2 hadi 0.3. Ije mvua kali ya 5.8 juu ya hapo, ni karibu mita 1 kwa sekunde. Bwawa linageuka ghala lililovunjwa mlango: mchanga wa mwaka mzima unaondoka usiku mmoja na kuangukia nyumba za chini.

Bwawa lisilozolewa ni hatari kuliko kiwanja kilichoachwa kama kilivyo. Nimeiandika sentensi hiyo kwenye rasimu ya ripoti na sitaruhusu iondolewe.

Mabadiliko mawili yameingia kwenye mchoro. Kwanza, mtaro wa pembeni wenye kizingiti, ili mtiririko unaozidi mita za ujazo 2 kwa sekunde uzunguke bwawa. Pili, nguzo ya zege yenye mstari mwekundu ndani ya kijibwawa: mchanga ukifika mstarini, kazi inaanza, bila kusubiri kikao.

Mei 3

Mbu. Mwenyekiti wa mtaa ameliuliza kabla sijakaa, na ana haki. Dengi ya 2014 na ya 2019 jiji hili linaikumbuka, na malaria haijatuacha. Kiluwiluwi kinahitaji takriban wiki moja kuwa mbu, kwa hiyo nimeweka sharti kwamba bwawa liwe kavu ndani ya saa 72 baada ya mvua kukoma. Maji yatatolewa polepole na bomba linaloelea, linalochota juu ambako ni safi zaidi na kushuka pamoja na uso wa maji.

Ndani ya saa 72, kwenye kina cha mita 1.2, chembe ya maikromita 2 inakaribia kufika chini. Muda anaotuachia mbu unatufikisha mpakani mwa udongo mfinyanzi, haupiti hapo. Isitoshe, utulivu huo ni wa maji ya mwisho tu. Bwawa zima halibebi zaidi ya mita za ujazo 1,080, na mvua ya milimita 6.4 inatosha kulijaza. Yote yanayonyesha baada ya hapo yanapita juu kwa juu na weupe wake.

Kingo nimezilaza, mita moja ya kushuka kwa kila mita nne za kwenda, ili mtoto akiteleza aweze kupanda mwenyewe.

Mei 16

Kikao cha mtaa. Nilikwenda na chupa mbili, ya mchanga na ile nyeupe. Nikasema bwawa hili litanasa hii, na hii itapita. Maji yatakayotoka yataendelea kuwa meupe, na asitokee mtu wa kuwaahidi maji maangavu. Weupe unatibiwa juu, kwa kupanda majani kwenye makorongo na kuweka mitaro kwenye njia kabla ya kuchonga viwanja vingine. Kinachowezekana hapa ni kalavati kubaki wazi na mchanga kutofika mtoni.

Baba mmoja alisimama akasema wamewahi kuletewa michoro mizuri kuliko huu. Nikamwambia ni kweli, na nikafungua ukurasa wa safari 70 za lori. Hapo ndipo mjadala wa kweli ulipoanza, na ulikuwa wa swali lile jekundu: mchanga ni wa nani. Saa mbili nzima. Wapo waliotaka mtaa uuze. Wapo waliotaka zabuni. Yule bibi wa mboga, ambaye nilidhani kaja kupumzika tu, ndiye aliyeuliza ni nani atakayeingia mtaroni alfajiri mvua ikiwa bado inanyesha.

Wamekubaliana kwa kuanzia: vijana wachukue mchanga wa kijibwawa bila kulipia, kwa sharti la kukisafisha kila mstari mwekundu unapofikiwa, na kamati ya watu watatu ikague. Bado inahitaji maandishi na baraka za ngazi za juu, kwa kuwa uchimbaji wa mchanga mtoni una sheria zake. Kwenye modeli nimeongeza safu mpya yenye tarehe za kuzoa. Nikiifuta safu hiyo, unasaji wa mchanga unaporomoka tangu masika ya kwanza.

Mei 19

Vijana wametengeneza kitu cha kupimia mchanga wa sakafuni: karai pana lililofukiwa mtaroni hadi ukingo wake ulingane na zege, na wavu juu yake. Wingu limejikusanya upande wa Pugu tangu saa tisa. Nimelala na simu karibu. Wamesema watanipigia karai likijaa.